Yuda, Panya na Mke wa Mfalme

Sina ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wangu ni na ada yake. Kila muhula nalipa kwa awamu, huku mhasibu wa shule akinitumia ujumbe wa herufi kubwa tupu, ili mwanangu afundishwe maneno ambayo lazima arudi nayo nyumbani aniulize mimi maana yake. Mimi huyu niliyesoma shule ya msingi ya kijijini, ambako Kiingereza kilitolewa kabatini siku ya mkaguzi tu.

Muhula huu wamefika kwenye maneno ya kinyume. Walianza kistaarabu: refu na fupi, moto na baridi. Kisha mwalimu, sijui nani alimuudhi huko anakotoka, akaandika ubaoni "loyal" na "faithful", akaagiza watoto walete vinyume vyote watakavyovipata. Vyote! Mtoto wa darasa la sita atajulia wapi vinyume vyote vya uaminifu? Hajagombea udiwani, hajaweka pesa kwenye kikoba, hajaoa. Kazi kama hiyo apewe mtu mzima mwenye makovu. Na mtu mzima mwenye makovu nyumbani kwangu ni mimi.

Tukafungua kamusi. Kinyume cha "loyal" ni "disloyal". Kinyume cha "faithful" ni "unfaithful". Mtoto akauliza kwa nini isiwe "unloyal" na "disfaithful". Nikamwambia swali hilo ampelekee aliyepokea ada. Tukaendelea: "faithless", "false", "fickle", "treacherous", "perfidious", "two-faced", "double-dealing". Ukurasa ukajaa, tukageuza. Sisi hapa tuna usaliti, uhaini, hiana, unafiki, uzandiki na ndumilakuwili, na kwa maneno hayo machache tumevunja ndoa, vyama, bendi za muziki na vikoba bila kupungukiwa kitu. Wenzetu wanahitaji ghala.

Nilipoyatazama vizuri niliona kwamba wasaliti wa Kiingereza wamepangwa kwa madaraja kama abiria wa treni ya zamani ya Reli ya Kati. Daraja la kwanza wamekaa wenye asili ya Kilatini, "perfidious" na ndugu zake, wamefunga tai, na ukiitwa hivyo unaweza kushukuru kwanza, ukaja kutafuta maana baadaye. Daraja la pili ni maneno ya mahakamani. Daraja la tatu wamesongamana wanyama: "rat", "snake", "weasel", "mole". Bwana mkubwa akimgeuka mwenzake amefanya "perfidy". Kibarua akifanya jambo lile lile, ni panya.

Kwa panya lazima nisimame, maana hapo tumeguswa sisi.

Waingereza wanasema panya ndiye wa kwanza kuikimbia meli inayozama, na kwa hiyo anayewakimbia wenzake wakati wa shida naye ni "rat". Nauliza: meli inazama, nahodha kashindwa, mabaharia wenyewe wanagombania maboya. Panya mlitaka afanye nini? Ashike usukani? Halafu twende Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapo hapo, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mwaka 2020 shirika la Kiingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimvisha medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Medali hiyo hutolewa kwa mnyama aliyeonyesha ushujaa au aliyejitoa kwa ajili ya kazi yake. Yaani Uingereza ilimpa panya wa Morogoro nishani ya uaminifu, halafu kamusi hawakuigusa. Msaliti bado ni "rat". Magawa alikufa Januari 2022 bila kuombwa radhi.

Wakimaliza wanyama wanahamia kwa watu. Yuda tunamjua sote, simlalamikii. Kinachonikera ni jinsi wanavyomtumia ovyo. Tarehe 17 Mei 1966, mjini Manchester, mtu mmoja ukumbini alimpigia Bob Dylan ukelele: "Judas!" Kosa la Dylan? Aliacha gitaa kavu akachomeka la umeme. Huku kwetu mwanamuziki akichomeka gitaa na umeme ukawepo, watu hushangilia kabla hajagusa uzi. Mwaka 2001 mchezaji Sol Campbell alitoka Tottenham kwenda Arsenal, London hiyo hiyo, mwendo wa daladala, naye akawa Judas. Yuda wa kwanza alisababisha angalau vipande 30 vya fedha vitembee. Campbell aliondoka mkataba ukiwa umekwisha, na Tottenham haikupata hata senti. Nadhani uchungu ulikuwa hapo.

Brutus je? Huyu alimchoma kisu rafiki yake Kaizari mchana kweupe, na Mwalimu Nyerere alituletea habari hiyo kwa Kiswahili alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963. Lakini Waingereza hawakumgeuza Brutus kuwa neno la kutukania mitaani. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mwenye hotuba nzuri. Daraja la kwanza, nimeshasema.

Asiyekuwa na bahati ni Vidkun Quisling wa Norway. Wajerumani walipoivamia nchi yake tarehe 9 Aprili 1940, jioni ile ile alikwenda redioni kujitangaza kuwa mkuu wa serikali. Wajerumani wenyewe walimweka kando ndani ya wiki moja, wakaja kumrudisha baadaye. Lakini kabla mwezi huo haujaisha, gazeti la The Times la London lilikuwa limeshaligeuza jina lake kuwa nomino ya kawaida, yenye umoja na wingi. Mwenyewe alipigwa risasi Oktoba 1945. Nomino inaendelea kuishi. Nilijaribu kuwasaidia kwa kuiingiza katika Kiswahili nikakwama kwenye ngeli. Kwislingi, makwislingi? Mkwislingi, wakwislingi? Nikaacha. Sisi tukigombana tunamtukana mtu pamoja na ukoo wake mzima hadi babu wa saba, lakini tukimaliza tunamrudishia jina lake aendelee kulitumia.

Hispania nayo ikawapa safu. Mwaka 1936, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali Emilio Mola ndiye anayetajwa kusema kwamba safu nne za askari wake zinaielekea Madrid na ya tano imeshakuwa ndani ya mji. Tangu hapo wasaliti waliomo ndani ni "fifth column", safu ya tano. Kama mwandishi wa safu napinga vikali. Mhariri anatutazama kwa jicho la shaka bila hata kuongezewa hilo.

Mkubwa wao wote kwa upande wa Marekani ni Benedict Arnold, na kisa chake nakipenda kwa sababu ya mguu. Mwaka 1777 alikuwa jenerali shujaa katika mapigano ya Saratoga, akaumizwa vibaya mguu akiwa mstari wa mbele. Mwaka 1780 akapanga kuwauzia Waingereza ngome ya West Point, akitaka pauni 20,000. Karatasi za mpango zikanaswa ndani ya soksi ya Meja John André, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akizipeleka. André alinyongwa. Arnold alikimbilia meli ya Waingereza. Wamarekani wakabaki na tatizo: mguu wa shujaa uliokuwa umeota kwenye mwili wa haini. Basi mwaka 1887 ukasimamishwa pale Saratoga mnara wenye sanamu ya buti peke yake, na jina la mwenye mguu halikuandikwa.

Vuka bahari sasa uende London, mtaa wa Gloucester Place, alikoishi Arnold hadi kufa mwaka 1801. Ukutani kuna kibao kinachomwita mzalendo wa Marekani. Mtu yule yule! Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuisoma kamusi yao kwa macho mengine. "Traitor" ni mtu aliyetoka kwangu. "Defector" ni mtu huyo huyo akishafika kwako. Ghala lote lile la maneno, na nusu yake inategemea nani ameshika kalamu.

Wabunge wao ndio wamejipatia jina la upole kuliko wote: "crossing the floor", kuvuka sakafu. Bungeni kwao wanakaa pande mbili wakitazamana. Ukiwachoka wenzako unanyanyuka, unakanyaga hatua chache za zulia, unakaa ng'ambo. Winston Churchill alivuka mwaka 1904 kutoka Conservative kwenda Liberal, miaka kama 20 baadaye akarudi alikotoka, na mwishowe wakampa uwaziri mkuu. Kibarua angeitwa nini? Jibu mnalo.

Kiswahili cha Tanzania hakikuhitaji zulia. Sisi tuna "kuunga mkono juhudi", maneno yaliyovuma sana mwaka 2017 na 2018, wabunge na madiwani wa upinzani walipokuwa wakihamia CCM. Aliyeachwa anasema jamaa kanunuliwa, aliyepokea anasema karudi nyumbani, mhusika mwenyewe anaunga mkono juhudi. Marehemu Edward Lowassa alitoka CCM kwenda Chadema mwaka 2015, akarudi mwaka 2019. Safari zote mbili majina yalikuwa yale yale, yalibadilishana viti tu.

Hao ni wanasiasa, wamezoea kuhama chama. Mwaka 2024 Chama mwenyewe alihama. Clatous Chama, kiungo wa Zambia, alitoka Simba akaenda Yanga, na mtaani kwetu Mangi wa duka la kona, mtu wa Msimbazi mpaka kwenye mifupa, alisitisha mkopo kwa kila mteja wa Jangwani. Sukari, unga, hata kiberiti. Nilipomkumbusha kwamba si mimi niliyemsajili Chama, alisema nilicheka. Nilicheka kweli. Nikanywa chai isiyo na sukari. Yale magazeti ya Kiingereza yaliandika nini kuhusu maumivu yote hayo? "Transfer". Neno lile lile la kuhamisha mwalimu kutoka Kibaha kwenda Kigoma.

Tulipofika kwenye mambo ya ndoa nilitaka kufunga kamusi, lakini mama watoto alikuwa ameshasogeza kigoda.

"Baba, 'adultery' inatokana na 'adult'?" mtoto akauliza.

Nikasema hapana, ingawa ushahidi wa mtaani kwetu unaelekea ndiyo. Neno limetoka kwenye Kilatini cha kuharibu na kuchafua kitu, na ndilo hilo hilo wanalolitumia kwa bidhaa iliyochakachuliwa.

"Kama petroli iliyotiwa mafuta ya taa," mama watoto akasema, huku akinitazama mimi badala ya kamusi.

Halafu kuna "affair". Wizara ya Mambo ya Nje kwa Kiingereza ni "Foreign Affairs", na mume mwenye "affair" naye ana mambo ya nje. Angalau hapo lugha mbili zimekutana bila mkalimani. Sisi tuna nyumba ndogo na mchepuko, Wakenya wana mpango wa kando. Mgeni akisikia atadhani tunazungumzia idara ya makazi na barabara. Na kuna "cheating", ambayo ni ya chumbani na ya chumba cha mtihani kwa pamoja. Tofauti ni kwamba aliyedesa kwenye mtihani hufutiwa matokeo.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni "cuckold". Limetoka kwa ndege wa Ulaya mwenye tabia ya kutaga kwenye kiota cha mwenzake. Sawa. Ila anayeitwa hivyo si aliyetaga, ni mwenye kiota! Mume aliyesalitiwa ndiye aliyepachikwa jina, na katika tamthilia zao za zamani, za Shakespeare zikiwamo, wakamwotesha pembe kichwani ili watazamaji wacheke. Mwizi anapita zake, aliyeibiwa ndiye anayeandikwa kwenye kamusi. Vijana wa hapa nao wana kuchapiwa, neno baya vilevile, ila wao angalau wamekubaliana kwamba ni siri ya ndani.

Mahakamani ndiko Waingereza walikozidisha. Wana "treason" na wana "treachery", na kwao yalikuwa makosa mawili yenye sheria mbili. Tarehe 3 Januari 1946 walimnyonga William Joyce kwa kosa la kwanza. Kesho yake, tarehe 4, wakamnyonga Theodore Schurch kwa kosa la pili. Sidhani kama kamba ilijua tofauti.

Joyce ndiye yule mtangazaji wa propaganda za Wajerumani waliyembandika jina la Lord Haw-Haw. Kwenye kesi ikaonekana alizaliwa Brooklyn, Marekani, na hakuwa raia wa Uingereza hata siku moja. Ilikuwa ife hapo. Lakini mwaka 1933 aliomba pasipoti ya Uingereza kwa kudanganya kwamba alizaliwa Galway, Ireland, na mahakama ikaamua kwamba aliyebeba pasipoti ya mfalme anadaiwa utii na mfalme. Kwa hiyo alinyongwa kwa kuisaliti nchi isiyo yake, na kilichomfunga ni fomu aliyoijaza kwa uongo. Nyie mnaojaza fomu kwa kubahatisha, rudieni kusoma sentensi hiyo.

Walikuwa pia na uhaini mdogo, "petty treason". Mpaka mwaka 1828, mke aliyemuua mumewe Uingereza hakushtakiwa kwa mauaji ya kawaida bali kwa uhaini, kwa hoja kwamba mume ni mtawala wake. Mume aliyemuua mkewe? Huyo alikuwa muuaji tu kama wauaji wengine. Na hadi mwaka 1790 adhabu ya mwanamke kwa kosa hilo ilikuwa kuchomwa moto.

Mama watoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua kigoda chake.

"Kwa hiyo, baba watoto, hapa ndani mtawala ni wewe?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni historia ya Uingereza.

"Haya, mtawala akatoe takataka. Gari linapita."

Sheria mama ya mambo yote haya ni ya mwaka 1351, enzi za Mfalme Edward III. Inasema kupanga kifo cha mfalme ni uhaini, kumpiga vita mfalme ni uhaini, na kumwingilia mke wa mfalme ni uhaini. Ndoa na dola zikalala kwenye sheria moja. Adhabu ya kifo iliondolewa mwaka 1998, sasa ni kifungo cha maisha, lakini sheria yenyewe haijafutwa. Kipengele cha mke wa mfalme kilipumzika kwa miaka 70 ya Malkia Elizabeth II, kwa kuwa aliyekalia kiti alikuwa mwanamke, na mume wa malkia hakutajwa popote. Tangu Septemba 2022 Uingereza ina mfalme, na mfalme ana mke. Ndugu zangu mnaofuatilia viza ya London, mmesikia.